Wajibu wa Mbunge Kutoa Hesabu kwa Waliomtuma

Utangulizi

Katika kata ya Chiwata, wilayani Masasi, karibu na ukingo wa uwanda wa Makonde, mkulima wa korosho anaijua vizuri maana ya hesabu. Anapofikisha mzigo wake kwenye chama cha msingi, gunia hupimwa mbele ya macho yake, karani huandika kilo, naye hupewa stakabadhi. Korosho hizo zitapelekwa ghala kuu, zitauzwa mnadani na kusafirishwa nchi za mbali. Lakini ile karatasi hubaki kwa mwenyewe hadi siku ya malipo. Siku hiyo akikuta pungufu anayo haki ya kuuliza, na yuko mtu anayepaswa kumjibu.

Kura nayo ni mali iliyokabidhiwa. Kila baada ya miaka mitano mkulima huyo huyo humkabidhi mtu mmoja madaraka yake ya kusema katika Bunge, ya kupitisha kodi na kutunga sheria ambazo zitamfikia yeye mwenyewe shambani. Je, kwa mali hiyo amepewa stakabadhi gani? Mbunge aliyekwenda Dodoma kwa jina lake anarudi lini kumweleza alichosema, alichokipata, alichokikosa na sababu zake?

Makala haya yanakusudia kueleza wajibu wa mbunge kutoa taarifa kwa wananchi wa jimbo lake: wajibu huo unatoka wapi, taarifa yenyewe iweje, na hasara gani hupatikana pale inapokosekana. Tunasema tangu mwanzo msimamo wetu: taarifa ya mbunge kwa wananchi ni sehemu ya kazi ya Bunge yenyewe. Mbunge asiyeitoa amefanya nusu ya kazi, na gharama ya nusu iliyobaki hulipwa na mkulima.

Madaraka ya Bunge ni ya Nani?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, inaeleza kwamba mamlaka yote ya nchi msingi wake ni wananchi, na kwamba Serikali itawajibika kwao. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Ukiyaunganisha mambo haya matatu, jambo moja linakuwa dhahiri: mbunge hana madaraka yake binafsi. Anayo ya kuazima. Na mwenye kuazima hana budi kumweleza mwenye mali namna mali yake inavyotumika.

Wazo hili si geni hapa kwetu. Mwaka 1965, nchi ilipoingia katika mfumo wa chama kimoja, lilizuka swali zito: ikiwa chama ni kimoja, mbunge atamwogopa nani? Jibu lililotolewa ni kwamba katika kila jimbo wagombea wawili wa TANU watasimama mbele ya wananchi wale wale, katika mikutano ile ile iliyoandaliwa na Chama, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Mgombea hakuruhusiwa kuombea kura kwa kabila, dini wala rangi. Septemba mwaka huo wananchi waliwaondoa wabunge wengi waliokuwa wamezoea viti vyao. Hata Waziri wa Fedha wa wakati huo, Paul Bomani, alishindwa jimboni kwake. Funzo lilikuwa wazi kwa kila kiongozi: cheo cha Dar es Salaam hakifuti deni la jimboni.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilitia mkazo jambo hilo hilo kwa upande wa uongozi. Ulikataa kiongozi jeuri na mwenye majivuno, ukaeleza kwamba tendo linalowaongezea watu uwezo wa kujiamulia mambo yao ni tendo la maendeleo. Ni muhimu kuielewa vizuri maana yake. Mtu hawezi kujiamulia jambo asilolijua. Kwa hiyo kumnyima mwananchi taarifa ni kumpunguzia maendeleo, hata kama siku hiyo hiyo amejengewa darasa.

Tangu mwaka 1992 nchi imo katika mfumo wa vyama vingi, na majimbo ya Mkoa wa Mtwara yamekwisha kuchagua wabunge wa vyama mbalimbali. Mabadiliko hayo hayakuupunguza wajibu tunaouzungumzia, yameupanua. Mbunge wa leo anatoa hesabu kwa jimbo zima, pamoja na yule aliyempigia kura mpinzani wake na yule ambaye hakupiga kura kabisa. Ushuru wa korosho haukatwi kwa kadi ya chama.

Katika historia ya dunia, mapambano ya wanyonge yameligusa swali hili mara nyingi. Wafanyakazi wa Paris walipoanzisha Komuni yao mwaka 1871, waliweka utaratibu kwamba wajumbe waliochaguliwa wangeweza kuondolewa na waliowachagua wakati wowote. Cuba, katika mfumo wake wa serikali za mitaa ulioanza mwaka 1976, iliweka mikutano ambamo mjumbe hurudi kwa wapiga kura wake kutoa hesabu ya kazi yake. Hapa kwetu, Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba mwaka 2013 ilipendekeza wananchi wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha. Pendekezo hilo halikubaki katika Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014. Hivyo basi, kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, silaha kubwa aliyonayo mwananchi wa Chiwata ni swali lake mkutanoni. Silaha hiyo haina risasi kama hana taarifa.

Tangazo, Majigambo na Hesabu

Si kila neno linalotoka kinywani mwa mbunge ni taarifa. Tunaona hapana budi kutofautisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa.

La kwanza ni tangazo. Mbunge anawaambia watu kwamba mradi fulani unakuja, kwamba waziri fulani atatembelea wilaya, kwamba barabara itachongwa. Tangazo lina kazi yake, lakini linamtaka mwananchi asikilize tu.

La pili ni majigambo. Hapa neno kuu ni "nimeleta". Nimewaletea zahanati, nimewaletea kisima, nimewaletea madawati. Tuulize: ameyaleta kutoka wapi? Kama fedha zimetoka Hazina, Hazina ilizipata kwa kodi ya sukari, sabuni, mafuta ya taa na ushuru wa mazao ya mkulima huyu huyu. Kama zimetoka katika Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, mfuko huo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake. Yeye si mwenye fedha. Mbunge anayesema "nimeleta" anamgeuza mwenye mali kuwa mpokea sadaka, na mpokea sadaka hana adabu ya kuuliza mizani.

La tatu ndilo hesabu. Hesabu ina pande nne: kilichoahidiwa, kilichofanyika, kilichoshindikana pamoja na sababu zake, na kinachofuata. Upande wa tatu ndio unaowashinda wengi. Mbunge huona haya kusema "nililipigania jambo hili nikashindwa". Lakini wananchi si watoto. Wao wenyewe hulima na kuvuna, na mwaka mwingine hulima na kukosa. Wanajua tofauti ya mtu aliyelima mvua ikakataa na mtu aliyelala nyumbani.

Hesabu pia haiendi upande mmoja. Inashuka kutoka Bungeni kwenda kijijini, kisha haina budi kupanda kutoka kijijini kwenda Bungeni ikiwa imebeba majibu, malalamiko na maarifa ya watu. Taarifa inayoshuka tu ni amri iliyovaa nguo ya heshima. Ili tuone uzito wa jambo hili, tuitazame historia ya zao lenyewe la korosho.

Funzo la Korosho

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka Kusini. Katika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Katika muda wa miaka kumi na mitatu tu, zao lililokuwa uti wa mgongo wa Masasi, Newala na Tandahimba lilikaribia kufa.

Wataalamu wamezieleza sababu, nazo ni nyingi. Watu walihamishiwa katika vijiji vipya, na mikorosho mingi ikabaki mbali na makazi. Shamba lisilopaliliwa likawa pori, na pori likaungua moto. Bei aliyolipwa mkulima ilipungua nguvu mbele ya bei ya vitu dukani. Ugonjwa wa ubwiriunga, ule unaofunika maua na majani machanga kwa vumbi jeupe, ulienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wakati huo huo nchi ilikopa fedha na kujenga viwanda 12 vya kubangulia korosho, vikiwemo vya Masasi na Newala, vyenye uwezo wa jumla wa tani zipatazo 113,000 kwa mwaka. Mashine zilipokuwa tayari, korosho hazikuwapo.

Hatusemi kwamba vijiji havikuleta faida. Shule za msingi na zahanati zilizojengwa katika miaka ile ni ushahidi, na wengi wanaosoma makala haya ni matunda yake. Lakini tujiulize kwa moyo wa kujikosoa: je, habari ya kufa kwa mikorosho haikujulikana? Ilijulikana. Mzee aliyehamishwa alijua katika msimu wa kwanza kabisa kwamba mtu anayetembea saa mbili kwenda shambani na saa mbili kurudi hawezi kupalilia kama zamani. Mama aliyeokota korosho alijua kwamba bei aliyopewa haikutosha doti ya khanga. Maarifa yalikuwapo chini ya kila mkorosho. Kilichokosekana ni njia ya kuyapandisha na sikio la kuyapokea kabla nchi haijatia sahihi mikopo ya viwanda.

Wabunge walikuwapo. Mabalozi wa nyumba kumi kumi walikuwapo. Mikutano ilifanywa mingi. Lakini njia hiyo ya mawasiliano ilitumika zaidi kuteremsha maagizo kuliko kupandisha ukweli. Ushirika, uliokuwa mdomo mwingine wa mkulima, ulipovunjwa, mzigo wote wa kusema uliwaangukia mbunge na Chama. Na mtu aliyezoea kuleta maagizo huona vigumu kurudi alikotoka akiwa amebeba habari mbaya. Huko ndiko tunakopata kanuni yetu ya kwanza: taarifa isiyopanda huua mazao.

Gesi ya Mwaka 2013 na Ushuru wa Mwaka 2018

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya zamani, ya wakati ambapo barua ilichukua wiki nyingi na barabara ya Kusini ilikatika wakati wa masika, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003. Basi tuitazame miaka ya karibuni.

Mwishoni mwa mwaka 2012 wananchi wa Mtwara walianza kuandamana kupinga mpango wa kujenga bomba la gesi, lenye urefu wa kilomita zipatazo 540, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Walitaka kujua: viwanda na mitambo ya umeme vitajengwa wapi, na Kusini itabaki na nini? Januari 2013 machafuko yalitokea Masasi. Nyumba za viongozi na majengo ya umma yakachomwa moto, na watu wakapoteza maisha. Mei mwaka huo, siku ambayo bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa inasomwa Dodoma, moto uliwaka tena Mtwara mjini.

Mambo yale yalikuwa na vyanzo vingi, na cheche iliyowasha moto wa Masasi si ile iliyowasha wa Mtwara. Hatudai kwamba mikutano peke yake ingeuzuia umwagaji damu. Tunasema hivi: maamuzi kuhusu bomba, mkopo wake na njia yake yalikuwa na sababu zake, na sababu hizo zilipaswa kufikishwa vijijini mapema, kwa hesabu, pamoja na yale ambayo Kusini ingeyakosa. Wananchi walio wengi walizipata habari kwa vipande, kwa uvumi na kwa vijikaratasi. Jirani na Masasi, wazee wa Nachingwea walikuwa bado wanakumbuka mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufa miaka michache baadaye, na reli iliyojengwa kwa ajili yake kisha ikang'olewa. Watu wenye kumbukumbu kama hiyo hawawezi kuridhishwa kwa kuambiwa "msiwe na wasiwasi". Penye pengo la taarifa, uvumi hujenga nyumba.

Mfano wa pili una sura nyingine. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 ilikuwa imeweka kwamba asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje irudi kuendeleza zao lenyewe, kwa mambo kama pembejeo na utafiti, na asilimia 35 iende Hazina. Juni 2018, katika mkutano wa bajeti, yaliletwa mabadiliko ya kupeleka ushuru wote katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walisimama na kuyapinga kwa nguvu. Walishindwa, mabadiliko yakapita. Miezi michache baadaye, msimu wa 2018/2019 ulipofunguliwa, wakulima waliikataa bei ya wanunuzi mnadani. Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wako wakulima waliosubiri fedha zao kwa miezi mingi, hadi ndani ya mwaka 2019.

Katika suala la ushuru wabunge wale walitimiza wajibu wao ndani ya ukumbi. Lakini kwa mkulima wa Chiwata jambo hili lilihitaji maelezo ya kina: ushuru huu ni upi, unalipwa na nani, ule wa asilimia 65 ulinunulia nini hapo awali, na salfa ya msimu ujao itagharamiwa na nani? Mkulima asiyeelezwa hayo huona tu kwamba salfa imepanda bei. Hajui kwamba bei ile ilijadiliwa Juni, Dodoma, kwa hoja na kwa kura, wala hajui ni hoja ipi ya kuitetea safari ijayo. Kushindwa Bungeni kukielezwa vizuri kijijini huwa mwanzo wa nguvu. Kusipoelezwa hubaki kushindwa.

Taarifa Iweje? Mfano wa Chiwata

Tuchukue mfano. Tuseme mbunge anarudi jimboni mwezi Julai, baada ya mkutano wa bajeti, na anafika Chiwata.

Kwanza achague saa. Julai ni wakati wa kupulizia mikorosho. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, umande ungalipo na upepo haujaanza. Akiitisha mkutano asubuhi atawakuta wasio na mashamba na wapenda siasa. Akiuitisha alasiri, baada ya kina mama kutoka majini na jikoni, atawakuta wananchi. Mahali pake ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na unapaswa kufanywa kila baada ya miezi mitatu. Mbunge hahitaji jukwaa jipya. Aombe nafasi katika mkutano uliopo, na akae mahali ambapo watu watamwona uso.

Pili, aanze na maji, kwa kuwa ndiyo ahadi kongwe. Juu ya uwanda wa Makonde maji yako chini sana ardhini, na vizazi vya kina mama vimeteremka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea shabaha kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulipita na shabaha haikufikiwa. Mwaka 2019 uliundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, kushughulikia kazi hiyo. Kwa hiyo mwananchi wa Chiwata amekwisha kusikia maneno mengi ya maji. Mbunge akimwambia "maji yanakuja", hajamwambia kitu.

Hapa ndipo panapohitajika maelezo ya kitaalamu kwa lugha nyepesi. Bunge hupitisha fedha, lakini kupitishwa siyo kutolewa. Fedha iliyopitishwa ni kama shamba lililopimwa. Fedha iliyotolewa ni mbegu iliyokwisha kuingia ardhini. Mbunge mwaminifu ataeleza namba tatu kwa kila mradi wa kata: kiasi kilichopitishwa mwaka uliokwisha, kiasi ambacho Hazina ilikitoa hasa, na kiasi kilichopitishwa kwa mwaka mpya. Wananchi wakizipata namba hizo tatu watajua wenyewe pa kuuliza. Pengo likiwa kati ya kupitishwa na kutolewa, swali ni la Serikali Kuu. Pengo likiwa kati ya kutolewa na bomba lenyewe, swali ni la halmashauri na mkandarasi.

Tatu, aeleze sheria. Kwa miaka mingi Bunge letu limejadili kwa Kiswahili huku sheria zenyewe zikiandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 ndipo Kiswahili kilipowekwa kuwa lugha ya sheria. Hata hivyo lugha ya sheria ni ngumu kwa yeyote. Mbunge aliyepiga kura ya ndiyo juu ya muswada anapaswa kuweza kuueleza kwa mzee wa Kimakua aliyekaa nyuma ya mkutano. Asipoweza kuueleza, basi tunaye mashaka kama aliuelewa alipousema ndiyo.

Nne, asome majibu. Kila swali ambalo mbunge huuliza Bungeni, pamoja na jibu la waziri, huingia katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yakiwa na tarehe. Hii ndiyo stakabadhi tuliyoitafuta mwanzoni mwa makala haya. Mbunge asome swali na jibu neno kwa neno, kisha nakala ibandikwe katika ofisi ya kijiji na nyingine ibaki kwa mtendaji. Waziri akiahidi daraja kabla ya masika, kijiji kitakuwa na karatasi ya kumkumbushia.

Tano, asikilize na aandikiwe. Maswali ya wananchi yaandikwe mbele yao katika daftari la kijiji, yasomwe tena mwisho wa mkutano, na mbunge aseme lipi atalipeleka kwa waziri, lipi ni la diwani na halmashauri, na lipi haliwezekani. Mkutano unaofuata uanzie na daftari hilo. Mbunge ambaye hufungua daftari la zamani kabla ya kufungua mdomo wake hahitaji kujitetea sana wakati wa uchaguzi.

Makosa Yetu Wananchi

Tusingekuwa wakweli kama tungewalaumu wabunge peke yao. Sisi wananchi nasi tumewaharibu. Mbunge anapofika tunamwomba jezi za vijana, nauli ya mgonjwa, sanda ya marehemu na mchango wa harusi. Shida hizo ni za kweli, na katika mila zetu hakuna mtu anayekwenda msibani mikono mitupu. Lakini tumeifanya fadhila kuwa kipimo cha kazi. Mbunge mwenye fedha hununua ukimya wetu kwa jezi kumi na mpira mmoja, na mbunge asiye na fedha huanza kuwakimbia wapiga kura kama mtu anayedaiwa dukani. Wote wawili huacha kutoa hesabu: wa kwanza kwa kuwa haulizwi, wa pili kwa kuwa haonekani.

Hata lugha yetu imebadilika. Zamani kiongozi aliitwa Ndugu, na neno hilo lilimpa mkulima nafasi ya kumkatiza na kuuliza. Siku hizi tunasema Mheshimiwa. Heshima ni jambo jema na ni desturi yetu, lakini heshima isitufunge vinywa. Karani wa chama cha msingi tunamheshimu pia, na bado tunautazama mkono wake ulipo wakati mizani inapopima.

Kosa letu jingine ni kuuachia mkutano watu wachache. Mwanamke aliyeteka maji tangu alfajiri ndiye mtaalamu wa maji wa kijiji, lakini akifika mkutanoni hukaa pembeni na wanaume wakamsemea. Kijana ambaye hununua korosho za jirani yake kwa kangomba, kwa kopo lisilo la haki na kabla ya msimu, anajua kwa nini mkulima amelazimika kuuza hivyo, naye haulizwi. Taarifa inayopanda bila sauti za watu hawa ni pungufu kwa uzito.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba taarifa ya mbunge inatokana na ukweli kwamba madaraka yake ni ya kuazima. Kwamba tangazo na majigambo siyo hesabu. Na kwamba njia ya taarifa inapoziba kutoka chini kwenda juu, nchi hulipa kwa mikorosho iliyoungua, kwa viwanda visivyo na kazi na, wakati mwingine, kwa maisha ya watu.

Kwa mbunge, jukumu ni kurudi baada ya kila mkutano wa Bunge na kusema yote, hasa yale yaliyomshinda. Kwa Chama chochote kinachomsimamisha mgombea, jukumu ni kuuliza ametoa taarifa ngapi na katika vijiji vingapi kabla ya kumpa fomu nyingine. Kwa wananchi wa Chiwata na wa kila kata, jukumu ni dogo na linaweza kuanza katika mkutano ujao wa kijiji: kuleta daftari, kuandika ahadi na tarehe yake, na kuisoma kwa sauti mbunge atakaporudi.

Wakati wa msimu hakuna mkulima wa Masasi anayeacha gunia lake kwa karani na kuondoka bila karatasi. Tuanze kuifanyia kura vivyo hivyo.